Vyandarua vya Mtaa Mzima Ndani ya Pipa Moja

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana mtaa wetu wote wa Mfaranyaki unajua: ni mimi, kwa mkono wangu na kwa mwandiko wangu ninaojivunia, niliyeandika majina ya wenye vyandarua kwenye vikaratasi kwa kalamu ya wino, nikafunga kila kikaratasi kwenye chandarua chake kwa uzi, halafu nikavitumbukiza vyote majini. Naomba msicheke kwanza. Nilimaliza kidato cha nne, na sayansi nilifaulu (si kwa kishindo, lakini cheti kipo, kimo sandukuni chini ya kitanda), kwa hiyo siwezi hata kujitetea kwamba sikujua karatasi ikilowa inakuwaje.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, biashara imeshafunguliwa, maduka ya Songea yamejaa redio za kila rangi zinazoimba miezi mitatu zikanyamaza, na mimi kazi yangu ilikuwa kuzifufua. Nilizifufulia nyumbani, kibarazani, kwa sababu anayenijua anajua kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika stendi ya mabasi nahesabu nimesafiri. Na hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya nichaguliwe katibu wa kamati ya mbu ya mtaa wetu. Kila aliyetajwa alikuwa na shughuli, huyu ana tumbaku yake Namtumbo, yule ana mahindi Madaba, mpaka Mama Otilia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, muuza vitumbua asiyejua kumung'unya maneno, akasimama mkutanoni akasema, "Mpeni huyu, huyu hata akitaka kutoroka hajui njia." Watu wakapiga makofi, basi nikawa Katibu.

Lakini msidhani ilikuwa kamati ya mchezo. Kifuku cha mwaka uliotangulia, yaani msimu wetu wa mvua, malaria ilipita mtaani kwetu nyumba kwa nyumba kama mtoza ushuru, watu wakalazwa wawili wawili kitanda kimoja, na turubai la msiba lilihama kutoka ua mmoja hadi mwingine bila kurudi kukunjwa. Kwa hiyo safari hii tulikubaliana mvua isitukute tumelala. Tulifukia madimbwi, tulikusanya makopo, tulitoboa matairi mabovu yasishike maji. Na Bwana Afya wa kata, kijana mwenye pikipiki na subira, akaja kutufundisha habari ya kuchovya vyandarua kwenye dawa.

Huyu Bwana Afya alikuwa amewahi kufanya kazi hiyo kwenye visiwa vidogo vya Ziwa Nyasa, na visiwa hivyo havikumtoka mdomoni. Alituambia kule kisiwa kizima kilichovya siku moja, kabla ya mvua, kwa sababu nyumba moja ikibaki nyuma mbu wanajihifadhi humo na kutoka humo wanairudia nchi yote. "Na ninyi jifanyeni kisiwa," akasema. Mzee Gaudensi, aliyekuwa amekaa mbele akiegemea fimbo, akamuuliza kwa heshima zote, "Mwanangu, na mbu wa kutoka kule milimani Matogoro watajuaje kwamba hapa ni kisiwa?" Bwana Afya akacheka, akasema Matogoro nako wanachovya Jumamosi hiyo hiyo.

Vyandarua tulikuwa navyo tayari. Vilikuja miezi kadhaa nyuma, kata ikatuuzia kwa bei nafuu, vyote vyeupe, vyote saizi moja, vimetoka robota moja, na watu walikuwa wamekwisha kuvilalia. Hilo la kulaliwa mlishike. Maelekezo ya Bwana Afya yalikuwa mepesi: kila mtu aje na beseni lake, achovye chandarua chake mwenyewe, akamue, aende nacho nyumbani akakianike kivulini. Mtu mmoja, beseni moja. Mtoto wa darasa la pili angeelewa.

Sasa niwaeleze hali ya nyumbani kwangu, maana kosa lilizaliwa huko. Mke wangu Skola alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Imelda, hata mwezi alikuwa hajafikisha, na mama yake Skola alikuwa ameshuka kutoka Madaba kuja kumuuguza. Na kwetu mnajua wenyewe mambo ya mama mkwe. Humtazami usoni, hamsemeshani ana kwa ana, hamkai chumba kimoja, na kitu cha kitandani mwako hakiwezi kuwa kitu cha kitandani mwake hata kwa bahati mbaya. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili na jiko la nje. Mkwe akiwa uani mimi nipo kibarazani, mkwe akija kibarazani mimi nazunguka nyuma, mkwe akiwa katikati (mama wa watu alikuwa na kazi nyingi, alikuwa kote) mimi niko kwa Mama Otilia nimekalia kigoda chake nikimtazama anavyogeuza vitumbua. Mtu wa nyumbani asiye na nyumba. Redio za watu zilikaa wiki mbili hazijafunguliwa.

Na sikumchukia, jamani, nasema kweli. Uji wa Skola ulikuwa unachemka kabla jogoo hajawika, nepi za mtoto zinapepea kwenye kamba, nyeupe kama kanzu za padri, na Skola aliyekuwa hawezi hata kuinuka alikuwa ameanza kucheka tena. Lakini Bwana Afya alipopita kukagua nyumba alimwambia mkwe jambo zito. Akamwambia, "Mama, wewe umetoka kwenye baridi, mbu wa huku mwili wako haujawazoea, malaria ikikupata itakupiga sawa na huyo mchanga. Ama ulale ndani ya chandarua chenye dawa, ama urudi kwenu kabla ya mvua." Mkwe akajibu kwamba akipata chandarua chake yeye, kilichochovywa, atabaki mpaka kifuku kiishe, asipopata, Jumatatu anapanda basi. Skola aliposikia Jumatatu alianza kulia, maana mwili ulikuwa bado hauna nguvu, na mume aliye naye (huyu mnayemsikiliza) anajua kupika chai tu, tena wakati mwingine inaungua. Tukamnunulia mkwe chandarua cha mwisho kilichobaki kwenye robota, akakilalia siku tatu. Na asubuhi ya Jumamosi Skola alinishika mkono akaniambia, "Baba Imelda, kosea mambo yote leo, lakini neti ya mama usiikosee."

Nikamwambia aniamini.

Jumamosi yenyewe Bwana Afya alifika mapema kwenye baraza la kigango, kanisa letu dogo la mtaa, akanikabidhi chupa za dawa, kikombe cha kupimia na glovu, kisha akawasha pikipiki akaenda Matogoro kusimamia wa huko. Watu wakaanza kuja na vyandarua na mabeseni. Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo aliloniambia Skola wakati nakunywa chai: saa nne mama angekwenda sokoni. Saa nne. Yaani kwa saa nzima, labda na nusu yake, nyumba ingekuwa yangu, kibaraza changu, kitanda changu ambacho nilikuwa nakiingilia usiku kwa kunyata na kukitoka alfajiri kama mwizi. Nikawatazama wale watu na mabeseni yao thelathini na kitu, nikapiga hesabu ya beseni moja moja, nikaona nitafika nyumbani jua likizama.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Jamani, mna mashamba ya kuandaa. Acheni tu vyandarua hapa, nitavichovya mwenyewe, saa tisa mje mchukue."

Watu walishukuru sana. Mzee Gaudensi alinibariki. Ni Mama Otilia peke yake aliyeuliza, "Utavijuaje?" na mimi kwa majivuno nikachomoa daftari, nikachana karatasi, nikaandika majina kwa mwandiko ule wa kulala uliomfurahisha mwalimu wangu wa kidato cha pili, nikafunga kila jina kwenye chandarua chake. Mama Otilia hajui kusoma vizuri, akanyamaza, akaondoka. (Angekuwa amesoma sana angenyamaza? Nimejiuliza miaka yote.)

Nyuma ya kigango kulikuwa na pipa lililokuwa likichanganyiwa chokaa. Nikalisugua, nikapiga hesabu ya dawa na maji kwa vyandarua thelathini na viwili, changu kimo, cha mkwe kimo, na hesabu ile (Bwana Afya aliikagua baadaye, akasema ilikuwa sahihi kabisa) ndiyo jambo pekee nililolipatia siku hiyo. Nikashindilia vyote mle, nikavisokota kwa mti, nikajisifu. Kisiwa kizima kwa mara moja.

Nilipovuta cha kwanza, kikaratasi kilitoka kama uji. Wino ulikuwa umehamia kwenye glovu. Nikajiambia, hicho kimoja kina bahati mbaya. Nikavuta cha pili. Nikavuta cha tano. Nilipofika cha kumi nilikuwa naongea peke yangu. Vingine havikuwa hata na kikaratasi, uzi tu umebaki unaning'inia kama mkia, na vyote ni vyeupe, saizi moja, robota moja.

Mtu mwenye akili angemfuata Bwana Afya Matogoro. Mimi nilivikamua, nikavitandaza barazani kivulini kwa mistari iliyonyooka, nikaenda nyumbani kulala, nikiwa na imani kwamba usingizi utaniletea mbinu. Saa nne na robo nilikuwa juu ya kitanda changu. Sikuota chochote. Nililala kama gogo mpaka Skola aliponiamsha akisema saa tisa imefika na mama ameshatangulia na mtoto kwenda kuchukua neti.

Kufika nakuta baraza limejaa. Mkwe alikuwa amesimama mbali kule kwenye ua wa michongoma, Imelda mgongoni, ametupa mgongo upande wetu kama desturi inavyotaka. Nikakohoa.

"Shikamoo, Mzee Gaudensi."

"Marahaba. Neti yangu ipi?"

"Zote zimekubali dawa vizuri sana, mzee. Zote sawasawa. Chagua yoyote."

"Sikuja kuchagua. Nimekuja kuchukua."

Ilibidi niseme. Nilisema kwa sauti ndogo, na waliokuwa nyuma wakauliza amesema nini, na waliokuwa mbele wakawaambia, kwa hiyo nilisikia kosa langu likitangazwa mara tatu kwa sauti tatu. Halafu Mzee Gaudensi akaweka fimbo yake chini polepole, akasema, "Katibu, mimi naishi nyumba moja na mke wa mwanangu. Chandarua chake kimo humu na changu kimo humu. Unataka nilale ndani ya chandarua cha mkwe wangu, na yeye alale ndani ya changu, halafu asubuhi anipe maji ya kunawa?"

Hapo ndipo nilipolielewa pipa langu. Mle ndani nilikuwa nimewachanganya baba wakwe na wake wa watoto wao, kaka na mashemeji wasiotaniana, mtaa mzima, chumba kwa chumba. Mama mmoja akasema bora mbu. Mwingine akasema yeye haondoki na kitu asichojua kimelaliwa na nani. Na mawingu yalikuwa yamekwisha kukaa juu ya Matogoro, yale mazito ya bluu, kila mtu anayaona.

Ni Mama Otilia aliyeingia katikati, akainua chandarua kimoja kwenye mwanga, akakigeuza, akasema, "Hiki changu. Mafuta ya vitumbua haya hapa. Nakula kitandani, aliye na neno aseme." Basi ikawa hivyo, watu wakaanza kutafuta alama, na jamani, mtu hajui siri ngapi zinakaa kwenye chandarua mpaka mtaa uanze kukikagua mchana kweupe. Cha Bi Zuhura, mshonaji, kilijulikana kwa karafuu alizozishonea kwenye kona, akakibeba kwa heshima. Cha Mzee Gaudensi kilikuwa na matundu matatu ya moto wa sigara, na mzee alikuwa ameapa mbele ya mkewe na mbele ya padri kwamba ameacha. Mkewe akayatazama yale matundu, akamtazama mumewe, akasema taratibu, "Kumbe unavutia humo." Mzee akajibu kwamba ni ya zamani. "Neti ina miezi mitano, Baba," mkewe akasema, akakikunja, wakaondoka, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Vilivyoendelea kujulikana viliendelea kuondoka, kwa masizi ya kibatari, kwa vishikizo, kwa mate ya watoto, watu wakicheka na kuona haya kwa pamoja, mpaka vikabaki viwili. Changu na cha mkwe.

Kimoja kilikuwa safi, hakina alama. Cha pili nilikuwa nimekikunja mwenyewe, mapema, wakati watu wanashughulikia ya Mzee Gaudensi, nikakikalia kidogo, kwa sababu nilikijua. Mtaa mzima ulikuwa na shida ya kutojua. Mimi shida yangu ilikuwa kujua.

Skola alikuwa amefika, ameegemea nguzo, bado mnyonge. Akaniuliza, "Ya mama ipi?"

Nikasema, "Zinafanana mno."

Kule kwenye michongoma mkwe hakugeuka. Alimwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha watu wote kusikia, bila hasira hata chembe, "Mwanangu, nifungie mzigo. Nikalale wapi, ndani ya chandarua cha mume wako? Jumatatu nitakwenda."

Skola hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Alinitazama tu, machozi yamejaa lakini hayajaanguka, akiwa na ile sura ya mtu anayepiga hesabu ya usiku mmoja mmoja akiwa na mtoto mchanga na mume wa chai ya kuungua. Nikainuka. Nikakichukua kile chandarua nilichokikalia, nikakifungua chote mbele ya watu, nikasema, "Hiki ndicho changu. Kile kingine ni cha mama."

"Umejuaje?" akauliza Bi Zuhura, ambaye alikuwa hajaondoka (hakuna aliyekuwa amekwenda mbali, hata Mzee Gaudensi alikuwa amerudia njiani).

"Kina kiraka."

Kilikuwa na kiraka, ndiyo, upande wa miguuni, kikubwa kama sahani, cha kitenge cha kijani chenye majogoo ya njano. Na kitenge cha kijani chenye majogoo ya njano Songea yote kilikuwa kimoja, kile mkwe alichomnunulia Skola avae siku ya ubatizo wa mtoto, ambacho kona yake ilikuwa imetoweka wakati Skola yuko hospitali kujifungua. Skola alisema ni panya. Mimi nilikubali kwamba ni panya. Nilinunua hata mtego, nikautega, na kila asubuhi nilikuwa namuuliza kama umenasa kitu.

Skola akakisogelea, akakishika, akasema polepole, "Panya."

Nikasema nilikuwa na haraka, kitambaa kingine sikukiona, na mbu walikuwa wanaingia.

"Na tundu lote hili limetoka wapi?" akauliza Mama Otilia, kwa sababu yeye lazima aulize.

Nikasema ni ukucha. Wa mguu. Kwamba niliota nakimbizwa na mteja, nikapiga teke.

Sijui nani alianza kucheka, nadhani Mzee Gaudensi, maana alipata nafuu kuona wa kuchekwa zaidi yake, lakini baraza lote likaangua kicheko, watu wakashikana mabega, wengine wakakaa chini juu ya saruji, na Skola naye, machozi yale yale yakaanguka akiwa anacheka. Mimi nimesimama katikati nimeshika chandarua changu kwa ncha mbili kama mtu anayetaka kuuza shuka.

Ndipo mkwe akageuka. Hakunitazama, alitazama kile kiraka, kwa muda mrefu, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake asiyemheshimu. Kisha akamshusha Imelda mgongoni, akamweka mbele yake, akamwambia yeye, mtoto wa wiki tatu ambaye alikuwa amelala fofofo:

"Mwambie baba yako sindano anaishika kama jembe. Na mwambie kitenge cha mama yako atanunua kingine, kabla ya ubatizo, chenye majogoo hayo hayo. Mimi nipo, sina haraka, nitakisubiri."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza mama mkwe kuniambia tangu nimuoe mwanawe, na aliniambia kupitia mtoto, kwa hiyo desturi haikuvunjika popote. Nilijibu "Ndiyo, mama" nikimtazama Imelda.

Akachukua chandarua chake akaenda kukitundika. Mvua ilianza wiki ile ile, na mkwe alibaki kifuku chote, na mimi kifuku chote nilikaa kwenye kigoda cha Mama Otilia nikinusa vitumbua, na nyumbani kwetu hakuna aliyeugua homa, si yeye, si Skola, si mtoto. Tangu hapo kila mwaka nasimamia uchovyaji nikiwa na kikombe cha kupimia mkononi na mdomo umefungwa: kila mtu na beseni lake, hata aje na shida gani, hata kitanda changu kiniite kutoka huko nyumbani kwa jina la ubatizo. Kalamu ya wino naitumia kwa barua tu.

Jioni ile ya Jumamosi yenyewe, mkwe akiwa anatandika chumbani na mimi sina pa kwenda, nilipita kwa Mama Otilia nikakaa. Nikamwambia kwamba angalau leo nimejifunza jambo. Alikuwa anapuliza moto wa jiko. Akaacha, akanitazama, si usoni, miguuni, kwenye kandambili, akasema:

"Kujifunza utajifunza kesho, Baba Imelda. Leo kata kucha."